Namba ya Fremu: Inachosema na Isichosema Kuhusu Umri wa Baiskeli

Ile namba inayogongwa kiwandani kwenye mashine huitwa mara nyingi namba ya mfululizo. Kwa redio, cherehani au jenereta jina hilo linatosha. Kwa baiskeli nalipendelea zaidi jina la mafundi wetu, namba ya fremu, kwa sababu linataja namba ilipo. Magurudumu, usukani, siti, pedali na breki vinaweza kubadilishwa mara kumi, lakini namba itabaki palepale kwenye chuma cha fremu, na lolote inalolisema inalisema kuhusu fremu tu. Mwenye gari ameshalizoea jambo hili. Namba ya chesisi ni ya chesisi, ya injini ni ya injini, na kwenye kadi kila moja ina nafasi yake.

Mtu aliyepata baiskeli kongwe huipindua magurudumu juu, akaisoma namba, akatarajia kuukuta mwaka humo. Mara nyingi haumo. Ndiyo maana tunahitaji istilahi ya pili, msimbo wa tarehe. Namba ya fremu ipo ili fremu moja isichanganywe na nyingine, iwe katika hesabu za kiwanda, katika dhamana ya dukani au pale polisi wanapotafuta mali iliyoibwa. Msimbo wa tarehe ni herufi au tarakimu zilizopangwa kwa makusudi zitaje mwezi na mwaka. Kuna viwanda vilivyouingiza msimbo ndani ya namba, kuna vilivyougonga mahali pengine, na vingi havikuwa nao kabisa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Schwinn, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1895. Kuanzia 1965, namba zake zilitanguliwa na herufi mbili. Ya kwanza ni mwezi: A ni Januari, B Februari, C Machi, na kuendelea. Ya pili ni mwaka: A ni 1965, B ni 1966, mpaka H ambayo ni 1972. Herufi I iliachwa kwa sababu hufanana na tarakimu 1, hivyo 1973 ikapewa J. Fremu yenye DH iligongwa namba Aprili 1972. Pa kutazama napo palibadilika. Kabla ya 1970 namba ilikuwa upande wa kushoto nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapofungwa. Baadaye ikahamia kwenye bomba la mbele linalobeba usukani.

Schwinn hiyohiyo inaonyesha vizuri kwa nini fremu na baiskeli ni vitu viwili. Kuanzia 1976 kiwanda kiligonga tarakimu nne kwenye beji ya mbele. Tatu za kwanza ni siku ya mwaka, ya mwisho ni mwaka wenyewe. Tuseme fremu ina herufi CN, na beji yake ina 1217. CN ni Machi 1977. Siku ya 121 ya 1977 ni tarehe 1 Mei. Fremu iligongwa namba Machi, ikakaa ghalani, ikaja kuunganishwa Mei. Anayeuliza umri wa baiskeli hii ajibiwe kwa tarehe ya beji. Anayeuliza umri wa fremu ajibiwe kwa namba. Anayetumia maneno mawili tofauti hapati shida kuyaeleza haya, na anayeiita kila tarakimu namba ya mfululizo atakwama.

Kwetu Afrika Mashariki, Raleigh ya Nottingham ndiyo iliyoenea, na kazi ya kujua umri wake ni ngumu zaidi. Zile baiskeli nzito nyeusi zenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma badala ya waya ndizo aina ambayo Wakenya waliipa jina la Black Mamba. Raleigh ilitengeneza baiskeli nyingi mno, na kwa miongo mingi namba zake hazikubeba msimbo wowote wa tarehe. Mahali pa kuigonga pia palibadilika: nyingine zina namba kwenye kiungo kilicho chini ya siti, nyingine kwenye bomba fupi linalobeba ekseli ya pedali. Bila daftari la kiwanda, namba tupu ya miaka ya 1950 haitaji mwaka. Inaweza tu kulinganishwa na namba za baiskeli ambazo tarehe zake zinajulikana kwa risiti au kwa ushahidi mwingine. Chama cha Uingereza cha wapenzi wa baiskeli kongwe, Veteran-Cycle Club, kilichoanzishwa 1955, kimekuwa kikifanya ulinganishaji wa aina hiyo kwa uvumilivu mkubwa, na kazi yao naiheshimu sana. Katika miaka ya 1970 mambo yakawa mepesi, maana Raleigh ilianza kutumia namba zinazoanza na herufi ya kiwanda, N kwa Nottingham na W kwa Worksop, ikifuatwa na herufi ya mwezi, kisha tarakimu moja ya mwaka. Tarakimu moja hairuhusu uhakika kamili, kwa kuwa 4 haitaji muongo. Hapo umbo la baiskeli ndilo huamua.

Kwa hiyo kabla ya namba, soma chuma. Sproketi kubwa ya pedali mara nyingi hutaja ukoo wa baiskeli waziwazi. Raleigh huwa na vichwa vya ndege korongo vilivyokatwa ndani ya sproketi, Rudge huwa na kiganja cha mkono, na Humber huwa na sanamu za watu wanaokimbia, ambayo kwangu mimi ndiyo sproketi nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Tahadhari ni kwamba Raleigh iliinunua Humber mwaka 1932 na Rudge mwaka 1943, hivyo Humber ya 1955 ni mtoto wa Nottingham. Mwaka 1960 Raleigh iliungana pia na kampuni iliyomiliki Phillips na Hercules. Jina la beji na mji wa kiwanda ni maswali mawili, na kila moja lijibiwe peke yake.

Namba yenyewe huwa imefichwa na rangi, hasa kwa fremu iliyopakwa upya mara kadhaa. Msasa na tupa viwe mbali, kwa sababu alama ya namba haina kina kirefu na ikishafutika hairudi. Tumia kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha mwanga wa tochi kutoka pembeni. Ikiwa bado haisomeki, bandika karatasi nyembamba juu yake, uisugue kwa penseli iliyolazwa. Andika herufi pamoja na tarakimu, na mahali zilipo, kwa sababu mahali nalo ni ushahidi. Usichanganye na namba ya kibati cha leseni. Hiyo ilitolewa na mamlaka ya mji na haihusiani na kiwanda.

Baada ya fremu, vipande vingine navyo vina misimbo yao. Habu za gia za Sturmey-Archer hugongwa mwaka kwenye makasha yake, mara nyingi pamoja na mwezi, na habu yenye 64 ilitengenezwa 1964. Shimano ilitumia herufi mbili, mwaka kisha mwezi, A ya kwanza ikiwa 1976. Habu ya 1964 ndani ya fremu ya 1964 huipa nguvu tarehe zote mbili. Habu ya 1971 ndani ya fremu hiyohiyo inasema gurudumu la nyuma lilibadilishwa, na fremu haizeeki wala kufanywa mpya kwa hilo. Kwenye kadi ya baiskeli yako andika mistari tofauti: fremu mwaka fulani, habu mwaka fulani, beji tarehe fulani, na palipo makisio weka neno "makisio" mbele ya mwaka.