Ua bandia, chafya ya kweli

Mwaka wa 1886 huko Baltimore, Marekani, daktari John Mackenzie alikuwa na mgonjwa ambaye hangeweza kukaribia waridi. Akinusa tu, pua inaziba, macho yanatoa machozi, kifua kinabana. Siku moja daktari akamletea ua. Haikupita muda, mama wa watu ni chafya baada ya chafya. Kumbe waridi lenyewe lilikuwa la bandia.

Na hakuwa anaigiza, daktari alimwangalia pua akaona imevimba kabisa. Alipoonyeshwa ua ni la uongo alishangaa sana, na siku chache baadaye akanusa waridi halisi bila shida yoyote.

Hii kitu ilipewa jina mwaka wa 1961 na Walter Kennedy. Aliiita nosebo, neno la Kilatini, maana yake "nitadhuru". Ni pacha mbaya wa plasebo.

Lakini story inayonikosesha usingizi ni ya New Zealand. Huko maelfu ya watu wenye shida ya tezi ya shingo walikuwa wanameza dawa inaitwa Eltroxin. Kwa miaka 30, malalamiko yaliyoripotiwa yalikuwa 14 pekee. Halafu 2007 kampuni ikahamisha kiwanda kutoka Canada kwenda Ujerumani. Dawa yenyewe ndani haikubadilika, ni zile vitu za kushikanisha kidonge, rangi, na ladha. Hakuna aliyewaeleza wagonjwa vizuri. Uvumi ukaingia, TV zikachukua, na ndani ya miezi 18 malalamiko yakapita 1,400! Watafiti walipochunguza, waligundua kwamba dalili zilizotajwa kwenye TV ndizo zilizoongezeka kuripotiwa baada ya habari kuenda hewani. Yaani mtangazaji anataja maumivu, halafu watu wanayaripoti.

Sasa fikiria hiyo ilikuwa TV tu. Sisi tuna TikTok masaa 24, na kichwa cha kutisha ndicho kinaleta views. Najua, hii ni kazi yangu pia.

Kitu moja siwezi kubali ni mtu kuambiwa "ni akili yako tu" akitoka kulalamika kwa daktari. Kwanza dawa zina madhara ya ukweli, wala huwezi jua yako ni gani kwa kubahatisha. Pili, maumivu ya nosebo yanauma vilevile. Wale wa New Zealand walistahili kuelezwa mapema, si kuchekwa.

Mnakumbuka Machi 2021 chanjo ya korona ikifika Kenya, vile magrupu ya WhatsApp yaliwaka? Baadaye wanasayansi wakajumlisha majaribio 12 ya hizo chanjo, wakaangalia wale waliodungwa kitu kisicho na chanjo ndani, kama maji ya chumvi. Baada ya sindano ya kwanza, asilimia 35 waliripoti kuumwa na kichwa, uchovu, na kadhalika. Maji ya chumvi, wasee.