NYUMBA MOJA, NDOA TATU: SABABU ZA MAUAJI KATIKA TAMTHILIA YA NDOA NA HISTORIA YA MKE WA KAMBINI LIKASI

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hutajwa mara kwa mara pale mume anapokutwa amekufa na mtuhumiwa akawa mkewe. Watu wakiulizwa sababu, aghalabu hujibu kwa neno moja: wivu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, na kwamba historia ya ndoa yenyewe ina mengi ya kutufunza juu ya jambo hili.

Tutaanza na tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iitwayo Why Women Kill, yaani "kwa nini wanawake huua", iliyobuniwa na Marc Cherry na kuanza kuonyeshwa mwezi Agosti 2019. Tutajihusisha na mfululizo wake wa kwanza tu. Mfululizo huo unasimulia ndoa tatu zilizoishi katika nyumba moja huko Pasadena, California, katika nyakati tatu: 1963, 1984 na 2019. Kisha tutaichukua mbinu hiyo ya nyumba moja na kuielekeza Likasi, Katanga. Nyumba ya kambi ya wafanyakazi huko nayo imepitiwa na vizazi kadhaa vya wake, na kila kizazi kilikuta humo masharti yaliyowekwa na kampuni, na dola na ukoo.

2. Vifo vitatu na sababu zake

Mke wa 1963, Beth Ann, ni mama wa nyumbani. Anagundua kwamba mumewe ana mwanamke wa nje, lakini hilo peke yake halimfikishi kwenye mauaji. Kinachomfikisha huko ni kutambua kwamba uzinzi wa mumewe ulihusika na kifo cha mtoto wao, kifo ambacho kwa muda mrefu alikibeba moyoni kama hatia yake mwenyewe. Jirani yake naye ni mwanamke anayepigwa na mume. Beth Ann anapanga mambo hata mumewe anauawa kwa mkono wa jirani huyo mkatili, na muuaji anaishia gerezani. Kwa pigo moja wanawake wawili wanaondokewa na waume wawili.

Mke wa 1984, Simone, anagundua kwamba mumewe hupenda wanaume. Kwanza anaona fedheha. Baadaye mume anapougua UKIMWI, wakati ambapo maradhi hayo hayakuwa na tiba ya kurefusha maisha, mke anamsaidia kufa kwa huruma. Mke wa 2019, Taylor, ni mwanasheria anayeilisha nyumba. Yeye na mumewe wanamkaribisha mwanamke wa tatu katika ndoa yao, na Taylor anamwua mwanamke huyo anapogeuka kuwa hatari kwa maisha yao.

Tukivipanga vifo hivi tunaona kwamba kimoja kinatokana na udanganyifu na msiba, cha pili na huruma, na cha tatu na kujihami. Wivu umo katika visa vyote vitatu, lakini si sababu kuu ya kifo hata kimoja. Aidha, mke pekee anayepanga kifo cha mume kwa hasira ni yule wa 1963, asiye na kipato. Hapa historia inatusaidia. California wakati huo haikuruhusu talaka pasipo kuthibitisha kosa mbele ya korti. Sheria iliyoondoa sharti hilo ilianza kutumika Januari 1970. Sheria ya Marekani iliyokataza kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu ya jinsia yake au ndoa yake ilipitishwa 1974. Ni kweli kwamba Beth Ann angeweza kushtaki uzinzi. Hata hivyo, angetoka kortini akiwa mtalaka asiye na kazi, katika mtaa ambao heshima ya mwanamke ilikuwa ndoa yake.

3. Mke katika nyumba ya kampuni

Sasa tuingie katika nyumba ya pili, ile ya Likasi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Katika miaka yake ya mwanzo ilitumia vibarua waliotolewa mbali, wengi bila wake, kwa mikataba mifupi. Kuanzia 1928 siasa ilibadilika. Mikataba ya miaka mitatu ilianzishwa, na wafanyakazi wakahimizwa kuishi kambini pamoja na wake zao. Kampuni iliwakopesha wengine fedha za mahari. Huo ulikuwa wakati uleule wa ujenzi wa bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, ambalo umeme wake ulikusudiwa kwa viwanda vya shaba. Maji yaliyozuiwa nyuma ya bwawa hilo ndiyo yaliyofanya ziwa Tshangalele, mashariki ya Likasi.

Mke wa kambini alipewa mengi: nyumba, posho, hospitali ya uzazi, na mafunzo ya kushona na ya usafi. Lakini vyote hivyo vilipitia kwa mume. Posho ya mke ilitolewa kwa sababu ya ajira ya mume, na ajira ikikoma kwa kufukuzwa au kwa kifo, nyumba nayo ilikoma. Kumwacha mume kulikuwa pia kuiacha paa na chakula cha watoto. Amri ya kikoloni ya tarehe 4 Aprili 1950 ilipiga marufuku ndoa mpya za wake wengi kuanzia 1951. Wake wa pili hawakutoweka. Walikosa tu kuandikwa katika daftari, na kwa hiyo wakakosa pa kudai haki.

Uhuru haukuifungua nyumba hii mara moja. Kampuni ilitaifishwa 1967, na baadaye ikajulikana kama Gécamines. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtangaza mume kuwa kichwa cha nyumba na kumtaka mke amtii. Mke alihitaji idhini ya mumewe kwa vitendo vya kisheria. Uzinzi wa mke ulikuwa kosa kwa hali yoyote, ilhali ule wa mume ulihesabiwa kosa pale tu ulipoandamana na mambo yaliyoufanya kuwa tusi kubwa kwa mkewe. Sharti la idhini liliondolewa kwa marekebisho ya 2016.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha 2001 juu ya familia ya mfanyakazi wa Katanga, ameonyesha jinsi mamlaka ya baba nyumbani yalivyosimama juu ya mshahara na juu ya kampuni iliyojifanya baba wa wote. Nguzo hizo zilipotikisika, mamlaka nayo yalitikisika. Uzalishaji wa shaba ulianguka vibaya baada ya 1990. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi. Maelfu walilala kituoni wakingoja garimoshi, na ndoa za watu wa asili mbili zikawekwa katika mtihani ambao wanandoa hawakuutaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa hiari.

Katika miaka hiyo ya mishahara kukosekana, wake wengi ndio waliozilisha nyumba, kwa kulima na kuuza sokoni vitu vidogovidogo, wakiwamo samaki wa Tshangalele. Hivyo mke wa Likasi alipata njia ya kutoka ambayo Beth Ann hakuwa nayo, ingawa aliipata kwa sababu ya umaskini.

4. Jukwaa la Katanga

Katanga nayo ina tamthilia zake za ndoa. Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilijulikana kwa michezo ya redioni na televisheni katika Kiswahili cha mjini. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha matini za michezo hiyo 1981, na Johannes Fabian alitoa kitabu 1990 juu ya mchezo wao kuhusu mamlaka, uliotengenezwa 1986. Waigizaji hawakuwa na maandishi ya kukariri; walikubaliana juu ya kisa, kisha wakabuni maneno wakiwa mchezoni. Ugomvi wa nyumbani, ulevi, fedha na uaminifu wa wanandoa vilikuwa miongoni mwa maudhui yao, na mchezo ulielekea kuishia kwa funzo.

Tofauti ya kimsingi iko hapa. Katika nyumba ya Pasadena siri hukaa kati ya watu wawili hadi inapozaa kifo. Katika mchezo wa Kikatanga ugomvi hutolewa nje, hadhira hucheka, na kila mtu huambiwa kosa lake. Hatusemi kwamba njia hii huwa ya haki kwa mwanamke, kwani funzo mara nyingi humrudisha palepale alipotoka. Lakini angalau anapata kusikika akiwa hai.

5. Mjane ashukiwaye

Kuna jambo moja ambalo tamthilia ya Kimarekani hailigusi. Katika jamii nyingi za Kongo mume akifa, ukoo wake huweza kumwuliza mjane: "Umemfanya nini ndugu yetu?" Tuhuma ya sumu au uchawi huja hata pale ambapo marehemu aliugua miaka mingi, na mara nyingine huandamana na kuchukuliwa kwa vyombo vya nyumba, ingawa sheria ya 1987 inamtambua mjane miongoni mwa warithi. Kwa hiyo swali la "kwa nini wanawake huua" si geni Likasi. Limeulizwa kwa wanawake wasioua mtu, na jibu lililotarajiwa lilikuwa na faida kwa muulizaji.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mauaji katika tamthilia hii yanaeleweka vizuri zaidi tukichunguza njia zilizobaki wazi kwa mke: talaka, kipato, ndugu na korti. Pale zote zilipoonekana kufungwa, mtunzi alimpa mhusika wake kifo kuwa njia ya mwisho. Maelezo haya hayaondoi hatia. Wake wengi wa Pasadena na wa Likasi waliishi katika hali hiyohiyo bila kumdhuru mtu, na mtunzi hawajibiki kueleza watoto wa marehemu wataishi vipi baada ya kipindi cha mwisho. Lakini mhakiki, mwalimu au hakimu anayeanza na kuishia kwenye wivu amekubali tuhuma ileile anayotupiwa mjane matangani. Inampasa aulize kwanza nyumba ilikuwa ya nani, fedha zilishikwa na nani, na mke angekwenda wapi kama angeondoka.