Kulifunza Sikio: Upimaji wa Sauti za Watu na Lugha za Kitale na Bungoma

Kumpima mtu sauti kwa kumsikiliza ni kazi ambayo hata leo haijapata chombo cha kuishinda. Mashine huhesabu mitetemo ya nyuzi za sauti kwa sekunde, na kamera ndogo huonyesha kivimbe kilichoota juu yake. Lakini uamuzi kwamba sauti hii ni nzima na ile ni mbovu hutolewa na sikio. Kwa hiyo mwanafunzi wa tiba ya usemi hana budi kufunzwa kusikia. Historia ya mafunzo hayo imeandikwa zaidi na matabibu, na wanaisimu wa lugha za Kiafrika aghalabu wameiacha kana kwamba haiwahusu. Lugha zinazosemwa baina ya Kitale na Bungoma zaonyesha kwamba inawahusu sana.

Kiswahili chenyewe hakikukosa maneno. Mwenye kithembe, mwenye kigugumizi na mwenye king'ong'o walitofautishwa tangu zamani, na aliyepwelewa na sauti hakuchanganywa na yeyote kati yao. Wabukusu wa Bungoma nao wana hadhira iliyozoea kupima sauti. Mzee anaposwala kumuse, yaani anapotoa hotuba ya maombolezo baada ya kifo cha mtu wa heshima, wasikilizaji hupima maneno na sauti pamoja; na huenda mkwaruzo ambao zahanati ingeuandikia dawa hapo ukasikika kuwa uzito wa umri. Upungufu wa maneno haya ni kwamba hutaja bila kupima. Kupwelewa kwa leo ni kukubwa kuliko kwa jana kwa kiasi gani?

Swali la kiasi ndilo lililowashughulisha wataalamu wa ng'ambo. Mwaka 1854 Manuel García, Mhispania aliyekuwa mwalimu wa kuimba, alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua kuziona nyuzi zake mwenyewe za sauti, na mwaka uliofuata habari hiyo ikasomwa mbele ya Royal Society ya London. Yafaa kukumbuka kwamba aliyefungua mlango huo alikuwa mwalimu wa sauti, wala si daktari. Baadaye wanafonetiki nao wakaanza kulifunza sikio kwa utaratibu. Daniel Jones wa University College, London, aliweka irabu za msingi ambazo mwanafunzi alizikariri mpaka aweze kuzitamka na kuzitambua bila kukosea. Huyu Jones ndiye aliyetoa pamoja na Solomon Plaatje wa Afrika Kusini kitabu cha kusomea Kitswana mwaka 1916. Sikio maarufu kuliko yote ya Uingereza lilipata sehemu ya elimu yake katika kinywa cha Mwafrika, jambo ambalo vitabu vya tiba havilitaji.

Vipimo vinavyotumika sasa ni vya karibuni. Mwaka 1981 Minoru Hirano wa Japani alieneza kipimo cha mambo matano: kiwango cha ubovu kwa jumla, mkwaruzo, pumzi inayovuja, udhaifu, na kukaza koo. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Wamarekani walikutana Pittsburgh mwaka 2002 wakatunga kipimo kingine, ambacho msikilizaji hutia alama juu ya mstari wenye urefu wa milimita 100. Mgonjwa hushikilia irabu mbili, husoma sentensi 6, kisha huzungumza kwa kawaida. Katikati ya vipimo hivi viwili, mwaka 1993, Jody Kreiman na Bruce Gerratt pamoja na wenzao walikuwa wameeleza kiini cha tatizo: kila msikilizaji hubeba akilini kigezo chake cha sauti nzima, kigezo hicho hubadilika, na hujengwa na sauti alizokwisha kuzizoea. Hoja hiyo ilitolewa juu ya wasikilizaji wa Kiingereza. Uzito wake huongezeka pale msikilizaji na mgonjwa wanapotoka katika lugha mbalimbali.

Kwa Afrika Mashariki suala hili halikuwa na haraka maadamu wataalamu wachache waliokuwapo walisomea ng'ambo. Mambo yalibadilika mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha. Kampala iko karibu zaidi na Bungoma kuliko Nairobi, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Mbale, husemwa Lumasaaba, jamaa wa karibu wa Lubukusu. Wagonjwa nao hawakosekani. Tangu elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo nchini Kenya mwaka 2003 madarasa yalijaa, na mwalimu anayepaza sauti kutwa nzima juu ya kelele za watoto ndiye mtu ambaye koo lake ni riziki yake. Akihukumiwa mzima hali mgonjwa, ataendelea kuliharibu. Akihukumiwa mgonjwa hali mzima, atatibiwa lugha yake.

Hatari hii ya pili yaonekana wazi katika Lubukusu. Lugha hiyo ina vipasuo visivyo ghuna p, t, ch na k. Lakini b, d, j na g hutokea baada ya nazali tu, kama katika embwa (mbwa) na engo (nyumbani). Herufi b inapoandikwa peke yake ni kikwamizo cha midomo. Mmoja wa majaribio ya Pittsburgh ni sentensi yenye sauti ghuna tupu, ili nyuzi zisipate nafasi ya kupumzika. Mtu akitunga ya Kiswahili kwa kufuata kanuni hiyo, aweza kuandika: Mwalimu wa Migori ameomba maji. Msemaji wa Lubukusu aweza kuisoma: Mwalimu wa Mikori ameomba machi. Mtetemo umekatika mara mbili, na mwanafunzi asiyejua fonolojia ya lugha hiyo ataandika kwamba nyuzi za sauti hazifungiki sawasawa. Wakenya wamezoea kufanyia matamshi hayo mzaha. Kuyageuza kuwa maradhi ni jambo baya zaidi. Sentensi kama Mwalimu wangu alimwona nyani ingetimiza kazi ile ile bila mtego. Ya nazali haina taabu: Mama Amina amenuna.

Kitale pana ugumu wa namna nyingine. Mji huo wa Trans Nzoia, uliokuwa wa masetla na kufikiwa na reli mwaka 1926, umezungukwa na wasemaji wa Lubukusu na pia wa lugha za Kikalenjin: Sabaot upande wa Mlima Elgon, Pokot kaskazini, na Nandi. Lugha hizi zilichunguzwa na A. N. Tucker na M. A. Bryan katika miaka ya 1960, na sarufi ya Kinandi ya Chet Creider na Jane Creider ikatoka mwaka 1989. Irabu zake zimegawanyika katika makundi mawili kwa kusogezwa au kutosogezwa mbele kwa shina la ulimi. Katika lugha nyingi za namna hii kundi la kwanza husikika likiwa na pumzi zaidi, kana kwamba sauti yatoka pangoni. Katika Kidinka, lugha ya Kiniloti iliyo mbali zaidi, pumzi hiyo hutofautisha maana moja kwa moja. Sasa kipimo cha Hirano kina alama ya pumzi inayovuja. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa kanda za Kijapani au za Kiingereza atampa msemaji wa Kisabaot alama ya 1 au ya 2 kwa kutamka neno lake vizuri.

Dawa iliyopendekezwa ng'ambo, nayo ni nzuri, ni kumpa mwanafunzi sauti za kulinganishia zilizorekodiwa, asitegemee kigezo cha akilini peke yake. Lakini rekodi hizo zapasa kuwa za wasemaji wazima wa hapa kabla ya kuwa za wagonjwa: wanawake na wanaume, vijana na wazee, katika Lubukusu, Kisabaot, Kipokot na Kiswahili cha sokoni. Kazi ya kuwachagua wasemaji hao na kueleza kila sauti ni nini haiwezi kufanywa na hospitali. Hata jaribio linalodhaniwa kuwa jepesi kuliko yote, lile la kumwambia mgonjwa ashikilie irabu a kwa sekunde 3 hadi 5, lahitaji mwanaisimu kando yake, kwa kuwa katika Kikalenjin a ni mbili, na fomu ya kipimo haisemi ni ipi.