Wamakonde wa Kwale: Lugha na Kitambulisho
Asili ya Wamakonde wa Kwale ni kaskazini ya Msumbiji. Tangu miaka ya 1930 walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, hususan Ramisi. Wengine wakaishi kwa kuchonga mpingo. Watoto wao waliozaliwa Msambweni walikua wakisema Kiswahili na Kidigo. Kwa kipimo cha lugha, basi, ugeni ulikwisha zamani. Serikali ilikuwa na kipimo chake: asiye na kitambulisho hakuweza kumiliki ardhi wala kuweka fedha benki. Sheria ya uraia ya 2011 iliwaruhusu kuandikishwa wasio na uraia waliokuwamo nchini tangu 12 Desemba 1963, lakini Wamakonde walingoja hadi Oktoba 2016, walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Februari 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Neno hilo, kabila, lastahili kuangaliwa. Waliokwisha kuingia katika usemi wa Pwani walipokewa na taifa kwa jina lile lile lililowatenga, na mjukuu asiyejua Kimakonde sasa huandikwa Mmakonde.