Mambo 23: Historia ya Wakutubi Waliojifundisha Zana za Mtandao

Historia ya ukutubi aghalabu huelezwa kama historia ya vitabu na majengo. Ni nadra kukumbukwa kwamba ni historia pia ya wafanyakazi ambao, kila baada ya kizazi, wamelazimika kujifunza kazi yao upya. Makala haya yanakusudia kuchunguza tukio moja katika historia hiyo, yaani mpango ulioanzishwa mwaka 2006 katika maktaba ya umma ya Charlotte na Wilaya ya Mecklenburg, katika jimbo la North Carolina, Marekani. Swali la msingi ni hili: je, mfanyakazi anaweza kujifundisha zana mpya bila ya mwalimu, bila ya darasa na bila ya mtihani, na elimu hiyo ikadumu?

Ili kulielewa swali hilo, hapana budi kurejea nyuma. Mnamo Januari 1887, Melvil Dewey alifungua shule ya ukutubi katika Columbia College, New York. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 20, na 17 kati yao walikuwa wanawake, jambo lililowaudhi wakuu wa chuo. Mwaka 1889 shule ikahamia Albany. Miongoni mwa yaliyofundishwa ni mwandiko maalumu wa wakutubi, wa herufi za duara zilizo wazi, ili kadi ya katalogi iliyoandikwa na mtu mmoja isomeke na mwingine yeyote. Msingi wa elimu hiyo ulikuwa bayana: yuko anayejua na yuko asiyejua, na asiyejua huacha shughuli zake akaenda kuketi mbele ya anayejua. Msingi huo ulienea mbali. Shule ya Ukutubi ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa Makerere mwaka 1963, nayo iliwakusanya wanafunzi kutoka nchi mbalimbali na kuwaweka darasani mbele ya walimu.

Mwandiko ule ulipitwa na taipureta, na taipureta ikapitwa na kompyuta. Mwaka 1971 maktaba za vyuo vya Ohio zilianza kutumia katalogi moja ya pamoja kwa njia ya kompyuta, chini ya shirika la OCLC. Kadi hazikutoweka mara moja. Shirika hilo hilo liliendelea kuzichapa hadi Oktoba 2015. Hata hivyo mabadiliko hayo yote yalikuwa na sifa moja: chombo kipya kilifika kwa mkutubi kwanza, kisha ndipo kikamfikia msomaji. Mkutubi alikuwa na muda wa kukizoea kabla ya kuulizwa.

Katika miaka ya 2004 na 2005 utaratibu huo uligeuka. Flickr ilifunguliwa mwaka 2004. YouTube na LibraryThing zikafuata mwaka 2005. Kila mwenye kompyuta aliweza kuandika, kuweka picha na kupanga vitabu vyake hadharani. Kijana wa shule alifika maktabani akiwa tayari anavijua vyombo ambavyo mkutubi hajavisikia. Aliyezoea kuulizwa akawa hana la kujibu. Hapo ndipo ilipo asili ya mpango wa Charlotte.

Mwanzilishi wake alikuwa Helene Blowers, aliyesimamia teknolojia katika huduma za umma za maktaba hiyo. Alipata wazo lake kutokana na makala ya Stephen Abram, aliyeorodhesha mambo 43 ambayo mkutubi angeweza kujaribu mwaka huo. Blowers aliyapunguza hadi 23, akayagawa katika majuma tisa, na mnamo Agosti 2006 akawafungulia wafanyakazi mpango aliouita Learning 2.0, ambao baadaye ulijulikana zaidi kwa jina la 23 Things, yaani Mambo 23.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Kila mshiriki alifungua blogu yake, na aliruhusiwa kutumia jina la kubuni. Kisha aliendelea jambo baada ya jambo: kuweka picha katika Flickr, kupokea habari za tovuti nyingi mahali pamoja, kuhifadhi viungo katika Delicious, kuandika katika wiki, kusikiliza podikasti. Baada ya kila jambo aliandika katika blogu yake aliloliona, liwe limempendeza au limemchosha. Aliyekwama alimwendea mwenzake. Anayekwenda haraka alimaliza mapema. Anayekwenda pole alikumbuka kwamba mwenda pole hajikwai. Aliyekamilisha yote kwa wakati alipewa kifaa kidogo cha kusikilizia muziki.

Mwanzoni kabisa mwa mpango ziliwekwa tabia saba na nusu za mtu anayejifunza maisha yake yote. Ile nusu ya mwisho ilikuwa kucheza. Jambo hili si dogo. Mfanyakazi mzima, mwenye cheo na miaka mingi kazini, huogopa kuonekana hajui. Darasani kutojua kwake huonekana na wote; katika mchezo, kukosea ni sehemu ya kucheza. Jina la kubuni, majuma tisa na ruhusa ya kucheza vilifanya kazi moja: vilimwondolea mtu aibu.

Kwa mtaalamu wa lugha, yafaa pia kulitazama jina lenyewe. Blowers hakuyaita masomo, wala mada, wala stadi. Aliyaita mambo. Neno “somo” hudai mwalimu na hudai kufaulu au kuanguka. “Jambo” halidai chochote: hufanywa, likaisha, likafuata jingine. Waayalandi walipoandaa mpango wao mwaka 2015 waliuita Rudaí 23, wakilitumia neno la Kiayalandi lenye maana hiyo hiyo. Kwa hivyo jina lililohamia lugha nyingine halikuwa istilahi ya kiufundi, bali neno la kawaida kabisa ambalo kila lugha inalo.

Mpango ulienea kwa sababu mwanzilishi wake aliwaruhusu wengine kuunakili. Maktaba ya Yarra Plenty, katika jimbo la Victoria nchini Australia, iliufuata mapema. Maktaba za Minnesota zilikuwa na mpango wao mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2010, na Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 2016. Kila mahali orodha ilibadilishwa kulingana na mahitaji, na mara nyingine hata idadi ya mambo, ila kanuni ilibaki.

Lakini historia hii ina upande wa pili. Kujifundisha kunahitaji muda, na muda wa mfanyakazi anayehudumia wasomaji si wake peke yake. Si wote walioanza waliomaliza. Isitoshe, zana nyingi zilikufa. Google Reader, iliyotumika katika baadhi ya mipango iliyofuata, ilifungwa Julai 2013. Delicious ilikoma kupokea viungo vipya mwaka 2017. Aliyekariri vibonyezo vya zana hizo alibaki mikono mitupu. Hata ajira haikuwa na dhamana: mwaka 2010 maktaba ya Charlotte ilikumbwa na upungufu mkubwa wa fedha, ikafunga baadhi ya matawi yake na kupunguza wafanyakazi.

Hapo ndipo jibu la swali la mwanzo linapopatikana. Ikiwa elimu ya mpango huu ilikuwa ni kujua Delicious, basi haikudumu. Ikiwa ilikuwa ni kuzoea kukikabili chombo kigeni, kukijaribu, kukieleza kwa maneno yako mwenyewe na kumwonyesha mwenzako, basi elimu hiyo haikufungwa pamoja na tovuti yoyote, na aliyepoteza kazi aliondoka nayo. Mwandiko wa Dewey ulikufa na kadi zake, kwa kuwa ulifungamana na chombo kimoja. Mambo 23 yaliwafunza watu kwamba chombo hupita, na kwamba anayejua kujifunza hana sababu ya kuogopa kinachofuata.