Somo la Historia: Mfereji Uliofichika Chini ya Nyumba

Leo tutajifunza habari ya mfereji mmoja wa maji machafu katika mji wa London, Uingereza. Mfereji huo ulifunikwa, ukaachwa bila kutazamwa, na mwaka 1854 ukaleta msiba mkubwa.

Zamani hizo nyumba nyingi za London zilikuwa na shimo la maji machafu, lililojengwa kwa matofali. Wapangaji walihama, wengine wakahamia, lakini kazi ya zamani iliyokuwa chini ya ardhi ilibaki vile vile. Hakuna aliyeifukua kuitazama.

Katika mtaa wa Broad Street palikuwa na kisima chenye pampu. Maji yake yalisifiwa sana kwa kuwa yalionekana safi. Mwisho wa Agosti 1854, kipindupindu kilizuka mtaani. Watu zaidi ya 600 walikufa.

Siku zile wengi waliamini kwamba ugonjwa huu huletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow hakukubali. Alikwenda nyumba hata nyumba, akauliza waliokufa walikunywa maji ya wapi. Wengi walikuwa wamekunywa maji ya pampu ile. Tarehe 8 Septemba wakubwa wa mtaa waliondoa mpini wa pampu, maji yasichotwe tena.

Lakini uchafu uliingiaje kisimani? Kisima kilikaguliwa kwa ndani, na tundu halikuonekana. Basi Kasisi Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakumwamini daktari, aliendelea kuuliza. Akagundua kwamba katika nyumba nambari 40, karibu kabisa na pampu, mtoto mchanga alikuwa ameugua kabla ya wengine. Mama yake alifua nepi zake katika ndoo, na maji yale akayamwaga katika shimo la nyumba.

Mwaka 1855 ardhi ikafukuliwa. Mafundi waliona nini? Shimo lilijengwa vibaya, na juu ya sehemu yake pamejengwa choo. Matofali ya mfereji yalikuwa yameoza hata yakainuliwa kwa mkono bila nguvu. Na kutoka mfereji huo hadi ukuta wa kisima hapakufika futi 3. Maji machafu yalikuwa yakipenya udongoni na kuingia kisimani, polepole, bila mtu kujua.

Ndugu wasikilizaji, tunajifunza nini? Kitu kilichofunikwa hakikuondoka. Mfereji wa zamani chini ya sakafu mpya ungali mfereji; ukipasuka, hautaonekana mpaka umekwisha kudhuru. Basi anayetaka kuongeza chumba, jiko au baraza, kwanza aulize wazee wa mahali: choo cha zamani kilikuwa wapi, na bomba limepita wapi? Kisha achimbe atazame. Bomba bovu litolewe, na shimo la zamani lisiachwe tupu chini ya ukuta. Kazi hiyo ni rahisi kabla ya kujenga. Baadaye ni kuvunja nyumba.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini watu waliyapenda maji ya pampu ile?
2. Kwa nini kukagua kisima kwa ndani hakukutosha?
3. Nyumbani kwako, maji machafu yanapita wapi? Chora picha yake.