Zawadi ya chakula kwa mwanafunzi aliye mbali: nini kinafaa kutumwa kutoka Tanga

Mwanao anasoma Dodoma au Mbeya, na siku yake ya kuzaliwa imekaribia. Zawadi ya chakula itamfaa sana, hasa ikimkuta fedha za Bodi ya Mikopo, maarufu kama "bumu", zimeanza kukata. Kabla ya kufunga mzigo jiulize mawili: kitahimili safari ya basi? Na kitalika bila jiko? Hosteli nyingi za vyuo haziruhusu kupika chumbani.

Vinavyofaa
- Visheti na kashata za karanga. Viache vipoe kabisa kabla ya kufunga. Vikifungwa vya moto hutoa jasho na kuota ukungu.
- Dagaa waliokaangwa hadi wakakauka, pamoja na achari ya embe. Hivi viwili huupa ladha ya nyumbani wali wa kafteria.
- Machungwa ya Muheza. Chagua magumu, yasiyo na michubuko.

Visivyofaa
Keki ya krimu huyeyuka njiani. Mkate wa kumimina na samaki wa kupaka vina nazi, nayo huchacha upesi kwenye joto la buti.

Kufunga na kutuma
Tumia ndoo ndogo yenye kifuniko. Achari iwe kwenye chupa ya plastiki, ndani ya mfuko wake. Andika jina na simu ya mpokeaji, chukua risiti, kisha mjulishe namba ya basi na saa ya kufika.

Ongeza kidogo, maana chumbani hayuko peke yake.